Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki au aspirini? Chagua kwa kuangalia kimeng'enya kinachoguswa

Simama nusu saa kwenye dirisha la duka la dawa, iwe Mbagala, Manzese au Kariakoo, na ombi utakalolisikia kuliko yote ni hili: "Naomba dawa ya maumivu." Mteja hataji jina la dawa wala hasemi kinachomuuma. Nyuma ya muuzaji kuna dawa nne zinazogombea nafasi hiyo: parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Zote nne hutuliza maumivu, zote nne hushusha homa, na bei ya vidonge vichache haipishani kiasi cha kumuumiza mtu kichwa. Basi watu huchagua kwa mazoea. Huyu anataka ile aliyopewa jirani, yule anataka "ile kali".

Kazi yangu ni ya famasi, na jambo hili linanigusa kwa sababu tofauti kati ya dawa hizi ni kubwa, na imejificha mahali ambapo boksi halipasemi. Usiulize ipi ina nguvu. Uliza dawa inakifanya nini kimeng'enya kimoja kinachoitwa saiklooksijenezi, kwa kifupi COX, kisha uliza kama seli iliyoguswa ina uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kingine. Ukishayajua hayo mawili, ushauri mwingi unaopewa dukani unaanza kueleweka wenyewe.

Kimeng'enya chenyewe

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia mwilini bila yenyewe kuliwa na badiliko hilo. COX imekaa kwenye utando ndani ya seli, na katikati yake kuna mfereji mwembamba. Seli ikijeruhiwa au ikipata ishara ya maambukizi, kimeng'enya kingine hukata asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki kutoka kwenye utando. Asidi hiyo huingia kwenye mfereji wa COX, huunganishwa na oksijeni, na baada ya hatua chache huwa prostaglandini.

Prostaglandini haisafiri mbali. Hufanya kazi pale pale ilipotengenezwa, ndiyo maana matokeo yake hutegemea mahali. Kwenye kifundo kilichoteguka huifanya neva iwe nyepesi kuhisi maumivu. Kwenye ubongo hupandisha kiwango cha joto ambacho mwili unajitahidi kukifikia, na hiyo ndiyo homa. Tumboni huchochea ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Kwenye figo huiweka wazi mishipa inayoleta damu. Na ndani ya chembe sahani za damu, COX huanzisha utengenezaji wa ndugu wa prostaglandini aitwaye thromboksani, anayezifanya chembe hizo zishikane ili damu igande.

COX ziko mbili zinazotuhusu. COX-1 ipo kazini muda wote tumboni, kwenye figo na kwenye chembe sahani. COX-2 katika sehemu nyingi za mwili haipo kabisa mpaka jeni yake iwashwe na ishara za uvimbe. Hapo unaona jinsi seli inavyodhibiti kimeng'enya kwa njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Inaamua itengeneze kiasi gani. Inabana malighafi, kwa sababu bila asidi ya arakidoniki iliyokatwa, COX inakaa bure. Na COX yenyewe ina ukomo: baada ya mizunguko kadhaa ya kazi hujiharibu, hivyo seli inayotaka kuendelea inalazimika kutengeneza nyingine. Hilo la mwisho huwa nalitazama kwa heshima kubwa, maana linahakikisha moto hauwaki milele.

Watu walitumia aspirini tangu mwisho wa karne ya 19 bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1971 John Vane huko Uingereza alionyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Tangu hapo tunaweza kuzilinganisha dawa hizi kwa zinachofanya ndani ya mfereji ule mwembamba.

Aspirini na ibuprofeni

Ibuprofeni huingia kwenye mfereji wa COX na kukaa pale ambapo asidi ya arakidoniki ingekaa. Haijifungi moja kwa moja. Kadiri ini na figo zinavyoisafisha kutoka kwenye damu, na nusu yake huondoka kwa takriban saa 2, ndivyo inavyoachia kimeng'enya, nacho hurudi kazini kikiwa kizima. Ndiyo sababu hunywewa mara tatu kwa siku, na ndiyo sababu ukiiacha leo, kesho kutwa damu yako inaganda kama kawaida.

Aspirini haifanyi hivyo. Inapoingia mferejini humega kipande cha molekuli yake, kundi la asetili, na kukibandika kwenye asidi amino moja, yaani kimoja cha vipande vinavyoijenga protini, iitwayo serini. Muungano huo haufunguki. Sasa tazama hesabu hii: nusu ya aspirini huisha kwenye damu kwa dakika 15 hadi 20 tu, yaani ni dawa inayopita haraka kuliko ibuprofeni. Lakini kimeng'enya kilichobandikwa hakifufuki hata dawa ikiwa imeshakojolewa. Kuanzia hapo kinachoamua si saa ya dawa. Kinachoamua ni seli.

Seli yenye kiini husoma jeni yake na kutengeneza COX mpya. Seli za ukuta wa mshipa wa damu hufanya hivyo ndani ya saa chache. Chembe sahani haiwezi, kwa sababu haina kiini. Ni kipande kilichomeguka kutoka kwenye seli kubwa ya uboho wa mifupa, kikaingia kwenye damu na protini zile zile kilizoondoka nazo. Aspirini ikishaigusa, chembe hiyo itabaki hivyo mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10. Uboho huingiza mpya kama sehemu moja ya kumi kila siku. Ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 kwa siku, ambacho hakiwezi hata kutuliza kichwa, kinatosha kuzinyamazisha chembe sahani karibu zote.

Kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi kilichotokana na damu kuganda, hiyo ni faida kubwa na asiiache bila kuongea na daktari wake. Kwa mtu mwenye kichwa kinachouma tu, sioni sababu ya kulipa gharama ya wiki nzima ya damu isiyoganda vizuri kwa ajili ya nafuu ya saa nne. Kama kinachokupeleka dukani ni maumivu, kati ya hizi mbili chukua ibuprofeni. Aspirini iachie kazi ya moyo.

Kuna mteja wetu wa siku nyingi, mzee wa Magomeni, aliyekuja asubuhi moja akichechemea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe brufeni, hili goti halinipi usingizi."

"Ile aspirini ndogo ya moyo bado unakunywa?"

"Kila siku. Nikiamka naanza na brufeni maana goti ndilo linaloniamsha. Nakunywa chai, halafu ndiyo namalizia na ya moyo."

Mpangilio huo ndio mbaya kuliko yote. Ibuprofeni ikiwahi kukaa mferejini, aspirini inafika na kukuta siti zote za daladala zimejaa, na haina muda wa kusubiri mtu ateremke, kwa sababu yenyewe inasafishwa kwa dakika chache. Ibuprofeni inapoondoka baadaye, aspirini imeshaisha. Chembe sahani zinatoka zikiwa hazijaguswa, na mzee anaamini moyo wake umelindwa kumbe siku hiyo haukulindwa. Kwa aspirini ya kawaida isiyo na ganda maalumu, ushauri ni kuinywa kwanza, kisha kusubiri angalau dakika 30 ndipo unywe ibuprofeni. Kama ibuprofeni imetangulia, zipite saa 8. Hiyo ni kwa mtu anayeihitaji mara moja moja. Anayeihitaji kila siku atafutiwe njia nyingine, na mzee wetu tulimtafutia. Nitamrudia nikifika kwenye diklofenaki.

Mahali ambapo ibuprofeni inastahili kusifiwa ni maumivu ya hedhi. Mji wa mimba hutengeneza prostaglandini nyingi siku hizo, nazo ndizo zinazoubana. Unapiga chanzo chenyewe. Ila kumbuka dawa hizi huzuia utengenezaji, hazifuti prostaglandini iliyokwisha kutoka. Dada anayemeza miligramu 400 baada ya chakula pale tu maumivu yanapoanza kujitokeza atapata nafuu bora kuliko anayevumilia mpaka ajikunje kitandani.

Jambo moja linaziunganisha aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, nalo ni pumu. Asidi ya arakidoniki ina njia zaidi ya moja ya kwenda. Ukiiziba njia ya COX, kwa baadhi ya wenye pumu malighafi inamwagikia upande wa kimeng'enya kingine, lipoksijenezi, kinachotengeneza lukotrini, na lukotrini hubana mirija ya hewa. Si kila mwenye pumu hupatwa na hili, lakini aliyewahi kubanwa kifua baada ya mojawapo ya dawa hizi asijaribu nyingine kati yake akidhani ni tofauti. Na mtoto chini ya miaka 16 mwenye homa asipewe aspirini: inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao huharibu ini na ubongo.

Diklofenaki, ile wanayoiita kali

Sifa yake haikutoka hewani. Diklofenaki hushika COX-2 kwa nguvu kuliko COX-1, na ingawa huondoka kwenye damu ndani ya saa 1 hadi 2, hubaki muda mrefu zaidi kwenye majimaji ya ndani ya viungo. Kwa jino, mgongo uliokaza, gauti au kifundo kilichovimba, inafanya kazi vizuri sana. Kijana mwenye afya, asiye na vidonda vya tumbo, aliyeumia mpirani, akiitumia siku tatu nne baada ya chakula sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na wale wanaoifanya dawa ya kila siku. Ili uuelewe, tazama tofauti ndogo mno kati ya COX-1 na COX-2. Mahali fulani kwenye mfereji, COX-1 ina asidi amino iitwayo isolusini, COX-2 ina valini, ambayo ni ndogo kidogo. Nafasi hiyo ndogo hufungua kijichumba cha pembeni ambacho COX-1 hakina. Watengenezaji wa dawa walikitumia kijichumba hicho kuunda dawa zinazoingia COX-2 peke yake, kwa tumaini la kuliacha tumbo salama. Tumbo lilinufaika kweli. Lakini mwaka 2004 moja ya dawa hizo, rofekoksibu, iliondolewa sokoni duniani kote kwa kuongeza mashambulio ya moyo na kiharusi.

Sababu iko kwenye mizani. Ukuta wa mishipa ya damu hutumia COX-2 kutengeneza prostasaiklini, inayozuia damu kuganda hovyo. Chembe sahani hutumia COX-1 kutengeneza thromboksani inayogandisha. Ukizima ya kwanza ukaiacha ya pili, mizani inalalia upande wa kuganda. Diklofenaki, kwa jinsi inavyoegemea COX-2, iko karibu na kundi hilo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa onyo kwamba isitumiwe na wenye moyo uliodhoofika, ugonjwa wa mishipa ya moyo, waliopata kiharusi au wenye mishipa ya miguu iliyoziba.

Kwa hiyo mzee wa Magomeni, ambaye anakunywa aspirini kwa sababu ya moyo, vidonge vya diklofenaki si mbadala wake wa ibuprofeni. Angekuwa anaruka moto akitua kwenye makaa. Aliondoka na parasetamoli, na jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini. Jeli hufikisha dawa kwenye kiungo huku sehemu ndogo tu ikiingia kwenye damu. Watu huidharau kwa kuwa ni ya kupaka. Kwa goti la mzee mwenye presha, mimi naiweka mbele ya kidonge.

Na sindano? Mjini hapa kuna imani kubwa kwamba sindano ya diklofenaki inapita nje ya tumbo, hivyo haileti vidonda. Si kweli. Inaanza kazi mapema kidogo, lakini dawa inafika kwenye ukuta wa tumbo kwa njia ya damu na kuikuta COX-1 pale pale. Ute unapungua vile vile. Mwenye vidonda vya tumbo aliyekwepa kidonge akachoma sindano hajakwepa kitu.

Wengine hupewa omeprazoli kulinda tumbo, na hapa nataka kukuonyesha jambo, kwa sababu ni kanuni ile ile ya aspirini ikienda mwendo mwingine. Omeprazoli nayo hujifunga moja kwa moja kwenye kimeng'enya, pampu inayosukuma asidi tumboni. Tofauti ni kwamba seli za tumbo zina kiini. Zinatengeneza pampu mpya, na baada ya siku chache asidi inarudi. Ndiyo maana kidonge kimoja cha omeprazoli ukisikia kiungulia hakikupi unachotarajia. Hunywewa kila siku, nusu saa hivi kabla ya chakula, kwa kuwa hukamata pampu zilizoamshwa, na chakula ndicho kinachoziamsha. Itakusaidia upande wa tumbo. Kwenye figo na moyo haina msaada wowote.

Figo ndizo zinazosahauliwa zaidi. Mtu akipungukiwa maji, prostaglandini ndiyo inayoiweka wazi mishipa ya kuleta damu kwenye figo. Fundi aliyeshinda juani mwezi wa pili bila kunywa maji ya kutosha, au mtu aliyeharisha siku mbili, figo zake wakati huo zinaitegemea COX kuliko siku ya kawaida. Akimeza ibuprofeni au diklofenaki, anaiondoa nguzo hiyo. Ongeza dawa ya presha kama enalapri na dawa ya kukojoa, na figo zinabanwa kutoka pande tatu. Ukiwa kwenye dawa za presha, mwambie muuzaji kabla hujaomba dawa ya maumivu, hata kama hajakuuliza.

Parasetamoli, inayodharauliwa

"Panado tu?" Nalisikia swali hilo kila siku, na najua mtu anaona amenyimwa dawa. Nataka nimtetee huyu anayedharauliwa, lakini bila kumpamba.

Parasetamoli haigombei mfereji kama ibuprofeni. COX ina eneo la pili la kazi, na ili kimeng'enya kiamke, eneo hilo lazima kwanza lichochewe na kemikali iitwayo peroksaidi. Parasetamoli hukirudisha kimeng'enya kwenye hali ya usingizi. Inafanikiwa pale ambapo peroksaidi ni chache, kama ndani ya ubongo. Kwenye kifundo kilichovimba, seli za kinga humwaga peroksaidi kwa wingi na kuizidi nguvu. Kwa hiyo hushusha homa na kutuliza maumivu ya kichwa vizuri, lakini uvimbe haiugusi. Mwenye gauti akisema panado haimsaidii, anasema kweli.

Udhaifu huo huo ndio thamani yake. Haizigusi chembe sahani kwa kiasi cha kuzuia damu kuganda, haipunguzi ute wa tumbo kama wenzake, na kwa dozi za kawaida haizibani figo kama wao.

Sasa njoo kwenye homa za mji wetu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana, huzaliana kwenye ndoo, matairi na vifuu vyenye maji kidogo, na kwa hilo mji mkubwa wenye mvua za masika unamfaa. Mgonjwa huja na homa kali, maumivu nyuma ya macho, viungo na mgongo vinamuuma kama amepigwa. Anapima malaria, hakuna. Anaambiwa labda ni uchovu. Viungo vinauma, basi anaomba diklofenaki, au mchanganyiko wenye aspirini ndani yake.

Lakini dengue hupunguza idadi ya chembe sahani na kufanya mishipa midogo ivujishe. Chache zilizobaki ndizo zinazomlinda asivuje damu. Ukimpa aspirini umezizima hizo chache, na kama nilivyoeleza, haziwezi kutengeneza COX mpya; utasubiri uboho, ambao nao virusi vimeudhoofisha. Diklofenaki na ibuprofeni zinaachia mapema zaidi, lakini kwa saa zile zinapokuwa mwilini zinafanya kazi ile ile, huku zikichokonoa tumbo ambalo linaweza kutoka damu. Ndiyo maana maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa mwenye dengue ni parasetamoli na maji ya kutosha, na kuziepuka zile tatu.

Kwa hiyo, mkazi wa Dar mwenye homa ambayo haijajulikana ni ya nini, chaguo lake ni moja: parasetamoli, huku akienda kupima. Hapo sitoi nafasi ya mjadala. Akipimwa malaria ikaonekana, atumie dawa mseto amalize dozi, kwa sababu kushuka kwa homa hakumuui kimelea hata mmoja. Malaria ikikosekana, bado aendelee na parasetamoli mpaka ijulikane. Na kwenye dengue homa ikishuka siku ya tatu mpaka ya saba usisherehekee mapema. Hapo ndipo mishipa huvuja zaidi. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu, kulegea kusiko kwa kawaida: nenda hospitali usiku huo huo.

Upande wa pili wa parasetamoli uko kwenye ini, na huo nao ni habari ya vimeng'enya. Sehemu kubwa ya dawa hufungwa na vimeng'enya vya ini kuwa kitu kisicho na madhara na kutoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hupitia kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho huigeuza kuwa sumu. Ini lina kinga yake, glutathioni, inayoikamata sumu hiyo mara tu inapozaliwa. Kwa dozi sahihi hakuna shida. Dozi ikizidi, glutathioni inaisha, na sumu inaanza kujibandika kwenye protini za seli za ini zenyewe.

Pombe ya kila siku inaifanya seli iwe na CYP2E1 nyingi zaidi, na mtu anayekula kidogo ana glutathioni pungufu. Mnywaji asiyekula anakutana na vyote viwili. Kwa mtu mzima mwenye afya ukomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na angalau saa 4 kati ya dozi na dozi. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mnywaji au mwenye ugonjwa wa ini apewe kiwango cha chini zaidi. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, na si kwa kijiko cha chai cha nyumbani; tumia kipimo kilichokuja na chupa.

Aliyezidisha hujisikia vizuri siku ya kwanza. Hilo ndilo linaloua. Ini huonyesha dalili baada ya siku moja hadi tatu, wakati dawa ya kuokoa, asetilsisteini, ambayo hulipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Usisubiri macho yawe ya njano.

Ukiwa mbele ya dirisha

Mama mjamzito: parasetamoli, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa muda mfupi. Kuanzia wiki ya 20 ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto kwa kuzibana figo zake, na miezi ya mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao prostaglandini ndiyo inayouweka wazi.

Mwenye vidonda vya tumbo, presha, kisukari kilichogusa figo, au umri umeenda: anza na parasetamoli, na kama ni kiungo, ongeza jeli. Kijana aliyeteguka, jino linalosubiri daktari, hedhi: ibuprofeni baada ya chakula, maji ya kutosha, siku chache. Diklofenaki uiombe baada ya ibuprofeni kushindwa, siyo kabla. Kuzinywa zote mbili kwa pamoja hakuongezi nafuu, kwa kuwa zinagombea kimeng'enya kile kile, ila madhara yanajumlishana. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kwenda pamoja, maana kila moja inakikabili kimeng'enya kwa namna yake na kila moja inapita njia yake ya kusafishwa.

Halafu kuna vidonge vya mchanganyiko, ambavyo vinauzika sana mjini. Chini ya jina kubwa la kupendeza kuna maandishi madogo, na humo utakuta diklofenaki na parasetamoli kwenye kidonge kimoja, au aspirini, parasetamoli na kafeini, au dawa ya mafua yenye parasetamoli ambayo mnunuzi hakuitarajia. Mtu anameza mchanganyiko asubuhi, panado mchana kwa kuwa kichwa bado kizito, na dawa ya mafua usiku, akiamini ni dawa tatu tofauti. Mwombe muuzaji akusomee viambato kimoja kimoja kabla hujalipa, na ujumlishe miligramu zote za parasetamoli za siku hiyo.